Nyabise wa Kwenye Fomu

Nawaona, wanangu, mkipita hapa barabarani Butiama na simu usoni. Mnajifunza kutengeneza tovuti mkiwa mmelala kitandani, na mkikwama mnaiuliza simu hiyo hiyo, nayo inawajibu kwa adabu. Sisi tulipokwama tulimuuliza mtu, na mtu huyo alikuwa na njaa yake na hasira zake. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora. Zilikuwa na vumbi zaidi, basi. Lakini nimestaafu, nyumba ni kubwa, redio imeshanichosha, na kuna jambo la kazini nataka niwaachie ninyi, kwa sababu kazi yenu ndiyo hiyo hiyo na mtalielewa bila kunionea huruma kupita kiasi.

Mimi sikuanza na kompyuta. Nilikuwa mwalimu wa kupiga taipu kwenye chuo kimoja kidogo cha ufundi pale Musoma, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka darasa zima linanuka dagaa. Nilifundisha mabinti kupiga mashine bila kutazama vidole. Nilikuwa mkali. Aliyetazama vidole nilimfunika mikono kwa kitambaa, aendelee hivyo hivyo. Kisha siku moja mkuu wa chuo akaniita ofisini, akaniambia mashine za taipu zinaondolewa, chumba kinawekwa kompyuta, na mimi nina njia mbili: niketi na wanafunzi kwenye kozi mpya ya utangulizi wa tovuti, nikifaulu nitakuja kuifundisha, nikishindwa, nitafute pa kwenda. Aliyasema kwa upole mno, utadhani ananikaribisha chai.

Nikaketi. Nilikuwa na umri wa kuwazaa wote darasani, na mwalimu wao juu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana kutoka Njombe, wanafunzi wakimwita Sir Sanga, mwembamba, anavaa sweta hata jua likiwa la kuchoma mawe. Wanafunzi aliwaita kwa majina yao. Mimi aliniita Mama.

Siku ya kwanza nilijiona nimeshafaulu. Wenzangu walikuwa wanadonoa herufi kama kuku kwenye mtama, mimi nimemaliza ukurasa nimekunja mikono. Tabu ikaja kwenye kichwa cha habari. Kwenye mashine ya taipu, ukitaka kichwa kikae katikati ya karatasi unahesabu herufi, unagawa kwa mbili, unarudi nyuma kwa idadi hiyo. Hesabu hiyo niliiweza hata usingizini. Basi nikaweka nafasi moja moja mpaka kichwa kikakaa sawia, nikafungua ukurasa kwenye kivinjari. Kichwa kimejibana kushoto. Nikaongeza nafasi. Kimejibana pale pale. Nikaongeza nyingine mpaka kidole gumba kikaanza kuuma. Sir Sanga alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akaniacha nihangaike kwanza.

"Mama," akasema mwishowe, "kivinjari ukikipa nafasi mia kinaona moja tu. Usikisukume. Kiambie hiki ni kitu gani. Kiambie ni kichwa cha habari. Habari za kikae wapi tutaziandika pembeni, kwenye faili la mitindo."

Shikeni hilo. Mpaka leo nafungua kurasa za vijana nakuta wamesukuma maandishi kwa nafasi na mistari mitupu kama watu wanaosukuma gari bovu. Kwanza sema kitu ni nini. Sura itafuata. Usione vyaelea, vimeundwa.

Wiki hiyo hiyo nilisahau kufunga tagi, yaani ile alama, ya herufi nene, ukurasa mzima ukanenepa mpaka namba ya simu ya chini kabisa. Darasa likacheka, nami nikacheka. Ila wao waligeukiana kila mtu na jirani yake. Mimi kiti cha jirani kilikuwa kitupu, maana kompyuta yake ilikuwa mbovu na hakuna aliyetaka kukaa hapo, kwa hiyo nikacheka nikiwa naitazama ile kompyuta mbovu.

Nilikuwa mpweke, niseme ukweli. Walimu wenzangu nao hawakujua waniweke fungu gani. Kwenye chumba cha walimu walinitazama kama mwanafunzi, darasani nikatazamwa kama mwalimu. Mchana vijana waliteremka mwaloni Mwigobero kula kwa pamoja, mimi nikabaki na kiporo changu cha ugali na furu, visamaki vya ziwani, nakula huku nakariri tagi. Ukubwa ni jaa, wanasema, lakini jaa nalo lina majirani.

Na nyumbani kulikuwa hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na watoto hatukujaliwa. Siku za kazi nilipanga chumba mtaa wa Nyasho, pale Musoma. Jumamosi nakuja huku Butiama kwenye mji wa mume wangu, kufagia, kupalilia, kuufanya uonekane una mtu. Huku nilimkuta wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Ni mwanamke mwema mwenye neno moja, na neno hilo nililisikia kila Jumamosi.

"Mke wetu, hii mji unaiona? Itazima."

"Naiona, wifi."

"Wanawake wa huku wanaoaga mabinti. Yule mama wa kule mlimani si alioa? Sasa hivi wajukuu wanamchoteaga maji. Wewe una mshahara, ng'ombe za kaka yangu zipo. Oa binti, akuzalie."

Watu wa mbali hushangaa wakisikia, lakini huku si ajabu. Mwanamke asiye na mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana kwa jina la mji wake, na watoto atakaowazaa yule msichana ni wa mji huo. Nimefundisha vijana waliolelewa kwenye nyumba za namna hiyo, wengine wamelelewa vizuri kuliko waliolelewa na baba sita. Kwa hiyo si kwamba nililidharau jambo lenyewe. Nilitaka mtoto. Nilimtaka mpaka pale sokoni nikawa nazunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya wauza nguo za watoto. Jumamosi moja nikamwambia wifi, haya, mlete huyo binti.

Akamleta. Alikuja na shangazi yake, akaketi kwenye mkeka akitazama vidole vyake. Nikauliza ameishia darasa la ngapi. Shangazi akamjibia: shule ameacha, kazi zote za nyumbani anaweza. Nikamgeukia mwenyewe nikamuuliza yeye anapenda nini.

"Nilikuwaga napenda shule," akasema.

Sikuweza. Nikawapa chai, nikawasindikiza hadi barabarani, nikarudi nikamwambia wifi kwamba siwezi kumwoa mtu ambaye nilipaswa kumfundisha. Wifi akaniuliza kama shule itakuja kunizika. Akanuna mpaka mvua za vuli zilipoanza.

Mvua hizo ndizo zilitukuta darasani kwenye somo la fomu. Sir Sanga alitupa kazi ya mwisho wa kozi: tutengeneze ukurasa wa maombi ya kujiunga na chuo, ili siku moja mtoto wa Guta au wa Mugango asipande gari kuja Musoma kuchukua karatasi tu. Kurasa nyingine zinaongea. Fomu inatakiwa kusikiliza, na kusikiliza ndiko kugumu. Tulipomaliza, kila mtu akaijaribu yake. Vijana wakajaza jina "aaa", kijiji "bbb", simu sifuri mpaka mwisho, wakabofya, ikapita, wakapigiana makofi.

Sir Sanga akavua sweta. Hatukuwahi kumwona bila sweta.

"Nani anaitwa aaa? Mleteni hapa nimsajili. Fomu inayomkubali aaa ndiyo itakayomkataa mtoto wa watu. Tengenezeni mtu! Mpeni jina la huku kwenu, lile lenye ng' na ile alama yake juu, tuone kama haikwami. Mpeni kijiji. Mpeni mzazi mwenye simu inayoita."

Huo ndio ushauri bora niliowahi kupewa kazini, nami nawapa ninyi. Ukitaka kuijaribu fomu, mtengeneze mtu mzima, mwenye kwao.

Nikakaa mbele ya kibodi, mikono ikaenda yenyewe. Jina: Nyabise. Huku binti wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba, na mama mkwe wangu, mama yake wifi, ndiye aliyekuwa Nyabise. Jina la baba: Nyang'ombe, mume wangu. Kijiji: Butiama. Umri: kumi na saba, kwa kuwa fomu ilikataa chini ya hapo. Matokeo ya kidato cha nne: ya kati, sikutaka kumpendelea. Mzazi: jina langu. Simu ya mzazi: yangu.

Nikabofya Tuma. Ikakwama kwenye ile alama ya Nyang'ombe, kama alivyosema Sir Sanga. Nikarekebisha, ikakwama tena, nikarekebisha kwingine. Ilipopita, ikaandika kwenye kioo: "Asante, mzazi. Maombi ya Nyabise yamepokelewa." Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga mimi mwenyewe asubuhi ile, kila herufi. Nikayasoma, nikainuka kama mtu anayekwenda msalani, nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Nilifaulu kozi. Sir Sanga akahamia kwao, nikairithi kozi yake na ukali wangu nikauongeza humo. Nilifundisha Musoma, na baadhi ya mihula nikapelekwa Bunda, kwenye darasa letu dogo jirani na stendi, ambako kila ukitaka kueleza jambo la maana basi la Mwanza linapiga honi. Msimu wa pamba darasa lilipungua nusu. Wanafunzi walikuwa mizanini na baba zao. Mchana nilikula kwenye mgahawa mmoja pale pale. Mhudumu alizoea kuniuliza kama kuna mtu namsubiri. Baadaye akaacha kuuliza, akawa analeta sahani moja.

Hapo Bunda ndipo nilipompata Magesa, kijana wa Guta, mwenye maneno mengi na kumbukumbu kama ungo uliotoboka. Alitengeneza ukurasa wa shamba la baba yake, na juu kabisa akaweka picha ya mzee amesimama kwenye lundo la pamba. Kwenye kompyuta yake picha ilikuwa safi. Siku ya kuonyesha, tukaufungua kwenye kompyuta ya mbele, mahali pa baba pana kisanduku kitupu.

"Madam, hii mashine inamchukiaga mzee wangu," akalalamika.

Haikumchukia. Magesa aliiita picha kutoka kwenye flash yake, na flash ilikuwa mfukoni. Nikamwonyesha: picha iweke kwenye folda moja na ukurasa, iite kutoka humo humo, kila unakokwenda utakwenda nayo. Akashangaa kwa sababu yeye alikuwa anaiona. Nikamwambia kitu unachokiona wewe peke yako bado hujakiweka kwenye tovuti.

Jioni ya siku hiyo, nikiwa kwenye gari la kurudi Musoma, nikakumbuka nilivyomwambia, na sikujisikia vizuri.

Maana nilikuwa nimeendelea na Nyabise. Kila mwaka nilipofika kwenye fomu nilimjaza yeye. Kila mwaka nilimsogezea mwaka wa kuzaliwa mbele, abaki kumi na saba. Wanafunzi wakamzoea. "Madam, leo Nyabise anaomba kozi gani?" Walidhani ni mzaha wa darasani, nami nikawaacha wadhani hivyo. Niliyoyajua mengine sikuwaambia. Fomu haiulizi mtoto anakula nini, lakini nilijua Nyabise hanywi uji usio na ndimu. Nilijua anavyojibu akiitwa mara ya pili. Kuna Jumamosi nilipalilia hapa nikiwa namkemea kwa kuchelewa kuamka, kwa sauti, mpaka mpita njia akanisalimia mara mbili kunichunguza kama niko salama.

Nikastaafu. Wakanipa keki na kanga, mkuu mpya wa chuo akasoma hotuba akakosea jina langu, nikafunga chumba cha Nyasho nikarudi huku moja kwa moja. Nyuma yangu vijana niliowafundisha wakauchukua ule ukurasa wetu wa maombi, wakauboresha, wakaufungulia watu kwa kweli. Waliubeba mzima mzima, na ndani yake jaribio langu la mwisho, limejazwa kila kitu, halina kasoro. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshasafisha. Liandikeni ukutani hilo: kabla hujawafungulia watu mlango, fagia majaribio.

Asubuhi moja, baada ya chai, wifi alikuwa amekuja. Amezeeka sasa, na ile habari ya mji kuzima alishaacha kuisema. Huutazama tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Tulikuwa tunachambua dagaa, kila mtu na ungo wake, tunatoa mchanga. Simu ikaita. Sikio langu la kulia limechoka, kwa hiyo huweka sauti ya nje.

"Habari za asubuhi. Naongea na mzazi wa Nyabise Nyang'ombe?"

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo.

"Ndiyo," nikasema. Sikulifikiria. Ndilo lililotoka.

"Shikamoo mzazi. Nakupigia kutoka chuoni, ofisi ya udahili. Binti yako amechaguliwa kwenye kozi ya utangulizi wa tovuti. Wenzake wote wameripoti, yeye bado. Kuna shida gani, mzazi? Ni ada? Anaumwa?"

Wifi alikuwa ameinua uso. Na sauti ile niliijua, hata ikivaa uofisi.

"Magesa," nikasema, "ni mimi."

Nikasikia kiti kikilia.

"Madam? Madam, kumbe una binti? Mbona hukutuambiaga? Nya... Nyabise. Si yule wa kwenye fomu?" Akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka ghafla, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Kumbukumbu mbovu, lakini moyo mzima.

"Ndiye," nikasema.

"Sasa Madam, hapa tuko pabaya. Unavyojua, mtu mmoja kompyuta moja, na viti vimeisha. Kuna binti wa Mugango ndiye anafuata. Huyo anapigaga simu kila asubuhi kuuliza kama kuna aliyeacha. Leo ndiyo mwisho wa kubadilisha majina. Nyabise akitoka, huyu anaingia. Asipotoka, ndiyo basi tena."

Nilijua jibu. Nimewaambia wanafunzi wangu maisha yangu yote: futeni majaribio yenu. Lakini Nyabise sikuwahi kumfuta. Nilikuwa namsogeza tu, mwaka hadi mwaka, na sasa amesogea mpaka amekalia kiti cha mtoto wa watu, mtoto mwenye sauti, anayepiga simu asubuhi kabla hajanywa chai. Nilimwonea uchungu yule wa Mugango. Na wangu nikamwonea uchungu vile vile. Cheka ukitaka.

"Mtoe," nikasema.

"Namtoa, Madam. Ila mfumo unauliza sababu. Kuna amefariki, kuna ameahirisha, kuna amehamia. Basi. Si wewe ulitufundishaga, machaguo yawe machache?"

"Ameahirisha?"

"Nikiweka hiyo, kiti kinabaki chake. Niweke amefariki tumalize haraka?"

"Hapana!"

Nilipaza sauti mpaka kuku wakaondoka mlangoni. Magesa akashusha yake.

"Basi amehamia, Madam. Nimechagua. Sasa inataka nijaze amehamia wapi, na haikubali nikiacha wazi."

Bila shaka haikubali. Kisanduku kile niliwafundisha mimi kisikubali kuachwa wazi. Nikatazama uwanja, nikatazama nyumba ya mume wangu na milango yake iliyofungwa. Wifi alikuwa ananitazama mimi.

"Andika: kwa mama yake, Butiama."

Nikamsikia anaandika taratibu, kidole kimoja kimoja, kama kwamba sikuwahi kumfundisha kitu.

"Imekubali," akasema. "Yule wa Mugango jina limepanda. Nampigia sasa hivi. Asante, Madam. Pole, Madam."

Simu ikakatika. Nikarudi kwenye dagaa wangu, nachambua nisichokiona. Wifi akaweka ungo wake chini.

"Nyabise nani huyo?"

"Ni mtoto niliyekuwa namjazia fomu, wifi, za kufundishia. Hakuna mtu. Hakuwahi kuwepo."

"Ulimpa jina la mama."

"Angekuwa binti wa kwanza. Ningempa lipi?"

Nilijua kinachokuja, nikajikaza kulipokea lile neno moja la wifi baada ya miaka yote hii. Badala yake akavuta kigoda chake, akakiburuta mpaka magoti yetu yakagusana, akamimina dagaa wake kwenye ungo wangu tuchambue pamoja.

"Haya," akasema, "nisimulie. Alikuwaga mtoto wa namna gani?"

Nikamsimulia mpaka dagaa wote wakaisha.